Hedhi Ikikukuta Ufukweni: Jiandae Kabla ya Safari

Kila Desemba naletewa swali lile lile, na karibu kila mara linanifikia limechelewa. Dada ameshafika Paje au Diani, chumba kimelipiwa, watoto wa dada yake wako majini wanampungia mkono, naye amekaa chini ya mnazi na dera lake, anawaambia kichwa kinamuuma. Hedhi imeanza usiku. Nifanyeje? Ukiniuliza saa hiyo, majibu niliyonayo ni machache. Ukiniuliza miezi miwili kabla, ni mengi. Ndiyo maana nayaandika haya sasa, wakati masanduku hayajafungwa.

Nilipovunja ungo, somo yangu alinifundisha kukunja kitambaa, kukifua kwa maji baridi na kukianika pasipoonekana. Alinifundisha vizuri, na mengi ya aliyonipa ninayo hadi leo. Kuhusu bahari alisema neno moja tu: usiende. Nililishika mpaka nilipofika miaka 19, nikaenda Coco Beach na wenzangu wa chuo, nikaingia majini na pedi kwa kuwa sikujua lingine. Hazikupita dakika kumi, pedi ilikuwa imekwisha kunywa maji ya bahari, imevimba, gundi imeachia. Nilitoka nimefungwa kanga ya mwenzangu, nikalia njia nzima ndani ya daladala. Sitaki msomaji wangu yeyote apite hapo.

Kwanza, hofu ulizonazo

Najua maswali yako kwa sababu nayasikia kila mwaka.

- "Je, damu itaonekana majini?" Hedhi nzima ya wanawake wengi, ukijumlisha siku zote, ni mililita 30 hadi 40 hivi. Hiyo ni vijiko sita hadi vinane vya chai. Ukiwa ndani ya maji, mgandamizo wake hupunguza damu inayotoka, lakini hauizuii. Ukikohoa, ukicheka, ukipanda ngazi ya bwawa, inashuka. Kwa hiyo wakati wa kujihadhari zaidi ni ule unapotoka majini.
- "Maji baridi yatagandisha damu tumboni." Hapana. Ndani ya kizazi joto lako ni lile lile, uwe baharini au jikoni. Kuogelea hakufungi kizazi wala hakuleti ugumba. Wanawake wengi wenye tumbo la hedhi hupata nafuu wakitembea au kuogelea taratibu.
- "Papa watanifuata." Hakuna ushahidi kwamba mwanamke aliye hedhini hushambuliwa na papa kuliko mtu mwingine. Ufukweni kwetu waogope zaidi mawimbi, mashua ziendazo kasi, na jua la saa saba.
- "Nitawachafulia wengine bwawa." Ukiwa umevaa kitu cha ndani kinachozuia damu vizuri, humchafulii mtu. Kuingia bwawani bila kinga yoyote, ukitegemea kwamba maji yatazuia, hilo usilifanye.

Unachoweza kuvaa majini

Pedi tumeimaliza: haifai, hata ile nene, hata ukivaa mbili. Usiongeze pamba wala kipande cha kanga. Vyote hunyonya bahari kabla ya kunyonya damu.

Vinavyobaki ni vitatu. Kwanza kuna chupi ya kuogelea ya hedhi, ambayo kwa macho ni nguo ya kuogelea ya kawaida, ila ndani ina tabaka linalonyonya na nje ina kitambaa kisichopitisha maji kwa urahisi. Inafaa siku ya damu kidogo, yaani siku ya mwisho mwisho, au kama kinga ya pili juu ya kitu kingine. Siku ya pili ya hedhi nzito haitakutosha peke yake. Lazima ikubane vizuri mapajani, kwani ikilegea maji yanaingia na damu inatoka.

Kisha kuna tamponi na kikombe cha hedhi. Hivi vyote huvaliwa ndani ya uke, na hapo ndipo wasomaji wangu wengi husita. Nitakaa hapo kidogo.

Tamponi, hatua kwa hatua

1. Nawa mikono kwa sabuni. Ukiwa ufukweni hakikisha hakuna mchanga kwenye kucha.
2. Simama mguu mmoja ukiwa juu ya kiti, au chuchumaa kama unavyochuchumaa chooni.
3. Isukume kuelekea mgongoni, usawa wa kiuno kwa nyuma. Wengi huisukuma kwenda juu moja kwa moja, ndipo huuma.
4. Ikikaa mahali pake huisikii kabisa. Kama unaisikia, haijaingia vya kutosha. Sukuma kidogo zaidi au itoe uanze na nyingine.
5. Uzi ubaki nje. Uingize pembeni ndani ya nguo ya kuogelea.

Itoe ukishamaliza kuogelea, kwa sababu uzi hunyonya maji na kukaa na uzi wenye chumvi huwasha. Hata kama huogelei, ibadilishe kila saa nne hadi nane, na usipitishe saa nane kamwe. Chagua yenye uwezo mdogo kabisa unaokutosha. Kununua ile kubwa ili ikae kutwa ni kosa la hatari.

Hatari yenyewe ni hii. Kuna ugonjwa adimu wa mshtuko wa sumu, unaosababishwa na sumu ya bakteria, na tamponi iliyokaa muda mrefu huufungulia mlango. Mwaka 1980 nchini Marekani wanawake wengi waliugua, na baadhi wakafa, hasa waliotumia tamponi zenye uwezo mkubwa sana wa kunyonya. Aina moja iliondolewa sokoni mwaka huo huo. Leo ni nadra, lakini dalili zake zikariri: homa kali ya ghafla, kutapika au kuharisha, upele mwekundu kama ngozi iliyoungua na jua, kizunguzungu, kuzimia. Uko likizo, umekaa juani, utadhani ni jua au chakula cha jana. Itoe tamponi mara moja, nenda hospitali, na useme wazi kwamba ulikuwa umevaa tamponi. Usingoje asubuhi.

Na tafadhali, usisahau iliyomo ukaweka nyingine juu yake. Hutokea zaidi siku ya mwisho, damu ikiwa haba.

Kikombe cha hedhi

Kwa mwanamke anayesafiri pwani mimi naona kikombe ndicho bora kuliko vyote. Ni cha silikoni, hubeba mililita 20 hadi 30, hukaa hadi saa 12, na huhitaji kutafuta duka mahali usipopajua. Vijiji vingi vya pwani vina pedi madukani lakini tamponi huenda usizipate kabisa. Kikombe kimoja hutumika miaka kadhaa.

Ubaya wake ni mmoja: kinataka mazoezi. Mwezi wa kwanza utahangaika, wa pili utazoea, wa tatu utasahau kwamba umekivaa.

- Kabla ya kukitumia mara ya kwanza, na kila hedhi inapoanza, kichemshe dakika tano hadi kumi kwenye sufuria yake maalumu. Kisiguse chini ya sufuria kikaungua.
- Kikunje kama herufi C, chuchumaa, kilainishe kwa maji safi, kiingize kuelekea mgongoni. Usipake mafuta wala Vaseline.
- Kikishaingia kiachie kifunguke. Pitisha kidole kuzunguka kitako chake. Ukisikia mkunjo, hakijafunguka, na kitavuja. Kizungushe kidogo.
- Kukitoa, chuchumaa, sukuma kidogo kama unayeenda haja, kamata kitako, kiminye kwanza ili hewa iingie, ndipo ukivute polepole huku umekiinamisha.

Kosa kubwa ni kuvuta ule mkia bila kuminya. Kimejibana ndani kwa hewa, kwa hiyo utaumia. Na kama una kitanzi kizazini, ongea na mkunga au daktari kabla ya kutumia kikombe, kwa sababu ukikivuta vibaya kinaweza kukitoa kitanzi.

"Kitapotelea tumboni?" Hakiwezi. Uke una mwisho, na mlango wa kizazi ni mdogo mno kupitisha kikombe au tamponi. Ukishindwa kukifikia, usipaniki. Kaa, pumua, ngoja nusu saa, jaribu tena umechuchumaa. Misuli iliyokaza ndiyo inayokipandisha juu.

Usijaribu mara ya kwanza ufukweni

Ukikumbuka jambo moja katika makala haya, liwe hili. Karibu kila aliyenisimulia habari mbaya za tamponi au kikombe alikuwa anavitumia kwa mara ya kwanza katika choo cha ufukweni, mwanga hafifu, mikono ina mchanga, wifi yake anabisha hodi nje. Hapo mwili unakaza, kitu hakiingii, na mtu anaapa kutorudia tena.

Fanya mazoezi nyumbani, siku ya damu nyingi, usiku, mlango umefungwa, huna haraka. Siku kavu usijaribu, kwani uke mkavu hukwaruzika. Ukiweza kulala, kuruka, kuchuchumaa na kuoga ndani ya beseni bila kuvuja, utaweza bahari.

Soma maji kabla ya kusoma kalenda

Ukienda pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Bwejuu, Paje na Jambiani, maji yakipwa yanarudi nyuma mamia ya mita, na siku za bamvua hata zaidi. Ukifuata maji ili uogelee, umekiacha choo mbali sana, na kurudi ni mwendo mrefu juu ya mchanga na mwani. Kwa hiyo:

- Uliza wenyeji maji yanajaa saa ngapi. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake.
- Badilisha tamponi au mwaga kikombe muda mfupi kabla ya maji kujaa, uogelee karibu na nyumba.
- Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ndipo bamvua, maji hupwa mbali zaidi. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo.
- Kama safari bado hujaipanga na unajua hedhi itakukuta, fikiria Nungwi au Kendwa kule kaskazini, ambako unaogelea karibu na ufukwe hata maji yakipwa.

Siku ya mashua

Hii ndiyo inayowatisha wengi, na wana haki. Jahazi la kutwa kutoka Fumba kwenda ghuba ya Menai, au mashua ya Shimoni kwenda Kisite kuangalia pomboo, ni safari ya saa nyingi, na mashua nyingi hazina choo.

Piga hesabu. Umevaa tamponi saa 2:30 asubuhi. Saa nane zinaisha saa 10:30 jioni. Mashua ikichelewa kurudi, umepitiliza. Kama hedhi yako ni nzito, haitafika hata saa sita mchana. Kikombe cha saa 2:30 asubuhi kina nafasi hadi saa 2:30 usiku, ingawa siku nzito utahitaji kukimwaga katikati.

Kabla ya kulipia, muulize mwenye safari maswali mawili: choo kiko wapi, na tutafika hapo saa ngapi? Ni maswali ya kawaida, na nahodha mwenye uzoefu ameshaulizwa na wengi. Ukipata jibu la kubabaisha, panga safari hiyo siku ya nne au ya tano ya hedhi.

Ndani ya mkoba wako wa mashua weka:

- chupa ya maji safi ya kunawia mikono na kusuuza kikombe (maji ya bahari usiyatumie);
- kanga mbili za rangi iliyokolea, moja ya kukalia, moja ya kujifunga ukitoka majini;
- chupi kavu na pedi moja ya kurudia nyumbani;
- sabuni ndogo na karatasi laini;
- kopo dogo lenye mfuniko la kuwekea taka zako.

Kopo nalisisitiza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na hifadhi za Kenya, Kisite ikiwemo, haziruhusu plastiki za kutumia mara moja tangu Juni 2020. Funga kitu chako kwenye gazeti, kiweke ndani ya kopo, kitupe kwenye pipa ukifika. Usikizike mchangani, usikitupe baharini, usikisukume chooni. Vyoo vya hoteli nyingi za ufukweni huishia kwenye shimo, vikiziba utamwachia kazi mfanyakazi asiye na kosa.

Ukishatoka majini, vua nguo mbichi mapema. Kukaa na chumvi na unyevu kutwa nzima huleta miwasho na fangasi.

Kuhusu vidonge vya kuahirisha

Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hili ni la daktari wala si langu. Dawa inayotumika sana ni norethisterone, kwa kawaida miligramu 5 mara tatu kwa siku, ikianzwa siku tatu kabla ya hedhi kutarajiwa. Ukiiacha, hedhi huja baada ya siku mbili tatu. Tahadhari:

- Damu ikishaanza, umechelewa.
- Haizuii mimba.
- Haimfai aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, mwenye ugonjwa wa ini, aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo.
- Usiazime vya shoga yako. Nenda kliniki mwezi mmoja kabla.

Kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, pakiti nyingi zina vidonge saba vya mwisho vya rangi nyingine, visivyo na homoni. Mara nyingi inawezekana kuviruka ukaanza pakiti mpya moja kwa moja. Muulize mtoa huduma wako aiangalie pakiti yenyewe kwanza. Unaweza kuona matone kidogo.

Kwa maumivu, ibuprofen baada ya kula huwasaidia wengi, ila mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu asiimeze bila kuuliza.

Nani asubiri

Mama uliyejifungua, damu ya uzazi siyo hedhi. Usiweke tamponi wala kikombe ndani ya arobaini yako, na hata baada ya hapo ngoja mkunga akukague.

Dada uliyekeketwa, hasa uliyeshonwa, unaweza kupata maumivu makali au vitu hivi visiingie kabisa. Usijilazimishe. Chupi ya kuogelea ya hedhi siku za mwisho ni njia salama, na nesi anaweza kukusaidia zaidi ya unavyodhani.

Mwenye hedhi inayolowesha pedi nzima kila saa, au inayozidi siku saba, akapimwe kwanza. Huo si mpango wa likizo, ni afya yako.

Mama, na binti yako

Akina mama huniuliza kwa sauti ya chini: tamponi itamwondolea bikira? Kizinda tangu mwanzo kina uwazi, ndiyo maana damu hutoka. Tamponi ndogo inaweza kukinyoosha, na kwa baadhi ya wasichana kukichana kidogo. Bikira ni mtu ambaye hajalala na mwanamume, na hakuna kipimo cha kidaktari kinachoweza kuuthibitisha ubikira: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji huo ukomeshwe. Hata hivyo siwezi kukuamulia mambo ya nyumba yako. Kama hamko tayari, mnunulie chupi ya kuogelea ya hedhi, na siku za damu nyingi acheze mchangani bila kusemwa.

Lakini mwambie mapema. Binti wa miaka 12 ambaye hajavunja ungo anaweza kuuvunja likizoni, akiwa na shangazi au na baba yake tu. Baba, weka pedi kwenye mkoba wa safari, na mwambie zilipo.

Na kama hutaki kuingia

Basi usiingie. Tumbo linauma, umechoka, au moyo hautaki: jifunge kanga, kaa kivulini, kula embe lako. Ninachokipinga ni kusingizia kichwa kwa sababu hukujua kwamba kuna njia. Sema tu, "Niko kwenye siku zangu, leo napumzika," na watoto wataendelea kuogelea.

Anayetaka kuingia Desemba hii aanze mazoezi kwenye hedhi ya Oktoba. Kanunue kikombe chako wiki hii.